Bata Mzinga Aliyenitoa Kijasho Kidichi

Wiki hii nimeamua kuweka pembeni yale mambo yetu ya ghetto na kodi ya chumba, nikusimulie kisa cha bata mzinga mmoja wa Kidichi. Alinifanya nione aibu mbele ya Bibi yangu, kisha akanifundisha kupika, na mwisho wa yote akanifundisha biashara. Usicheke kwanza. Soma mpaka mwisho, kwa sababu na pishi lenyewe nimekuwekea humu humu.

Kwa wale wasiopajua, Kidichi ni shamba kidogo tu kutoka mjini. Unapanda gari mpaka Bububu, halafu unakata kulia kuingia ndani, kwenye mikarafuu na minazi. Watalii wanapajua kuliko sisi wenyewe. Wanakwenda kuonyeshwa mdalasini unavyobanduliwa na vanila inavyopanda mti, kisha wanapelekwa kwenye hamamu ya zamani. Hamamu hiyo aliijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Sheherazade, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Ndani yake kuta zimenakshiwa kwa chokaa: maua, mitende, na ndege tausi. Bibi yangu anaishi hatua chache kutoka hapo, na kila gari la watalii likipita anasema neno lake lile lile: "Tausi wa ukutani hali, hanyi na hafi. Wa kwangu anafanya yote matatu."

Tausi wa kwake ndiyo huyo bata mzinga.

Alivyompata ni hadithi nyingine. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 jirani alimpa mayai tisa ya bata mzinga. Bibi hana bata mzinga jike, kwa hiyo akamuwekea kuku wake ayaatamie. Sasa mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, ya bata mzinga siku 28. Yule kuku siku ya 22 akaanza kumuangalia Bibi kwa jicho la lawama, kama mtu aliyedhulumiwa. Bibi akamlisha mtama na kumbembeleza, kuku akavumilia, mayai yote tisa yakaanguliwa.

Furaha ilikuwa fupi. Vifaranga vya bata mzinga ni vizito wa kuelewa, nisamehe kwa lugha hiyo. Vinaweza kufa na njaa na chakula kipo mbele yao, mpaka uviwekee kifaranga cha kuku kivioneshe namna ya kudonoa. Na baridi hawaiwezi. Wiki ya kwanza walikufa wanne. Kisha wakafa watatu wengine kwa maradhi, na bwana mifugo alipopita akamwambia Bibi kwamba kosa ni kuwachanganya na kuku wakubwa. Kuna ugonjwa ambao kuku anautembeza mwilini bila kuumwa sana, akimpa bata mzinga unamshika ini na kumuua. Wa nane akachukuliwa na ngawa usiku. Akabaki mmoja, dume, na huyo mmoja akala chakula cha wote tisa.

Mwezi wa kumi alikuwa dume la haja. Akitanua mkia na kuburura mbawa chini, watoto wa mtaa wanakimbia. Jina lake lenyewe limekaa vizuri. Bata si bata, maana haogelei. Na mzinga, wenyewe mnajua, ama una nyuki ama una baruti. Huyu alikuwa na vyote viwili: kelele za baruti na hasira za nyuki.

Nikwambie jambo la kuchekesha kuhusu huyu ndege. Asili yake ni Marekani, na waliomfuga mwanzo ni watu wa Mexico ya kale. Lakini kila taifa linamsingizia mwenzake. Waingereza wamempa jina la Uturuki. Waturuki wanamwita "hindi", yaani wa India. Wafaransa nao wanamwita "dinde", ndiyo hiyo hiyo India. Wareno wanamwita "peru". Waarabu wanasema "dik rumi", jogoo wa Rumi. Kila mtu anasema huyu si wa kwetu, katoka kwa jirani. Lakini akishaiva hakuna anayemkataa.

Sasa twende kwenye aibu yangu.

Mdogo wangu wa kike anaishi na Bibi. Kamaliza Kidato cha Nne na mkono wake wa kushona ni mzuri, lakini cherehani hana. Kuna mama mmoja wa Bububu alikuwa anahamia Pemba mwisho wa Desemba, akawa anauza cherehani yake kwa shilingi 220,000. Mdogo wangu alikwishatoa 100,000, pesa ya kuuza barafu na maandazi mwaka mzima. Zilibaki 120,000, na mama yule alisema wazi: ikifika Jumapili ya tarehe 29 sijaona pesa, namuuzia mwengine na zako nakurejeshea.

Bibi akasema usihofu mwanangu, bata mzinga yupo.

Mimi mtoto wa mjini nikajitia kimbelembele. Nikamwambia, "Bibi, usimpeleke sokoni watamla bei. Niachie mimi." Nikampata bwana mmoja anayeendesha nyumba ya wageni. Alinipokea vizuri, nikanywa soda yake, akasema atamchukua kwa 150,000 kwa ajili ya chakula cha Krismasi cha wageni wake. Tukapeana mikono. Nikarudi Kidichi kifua mbele.

Bibi akaniuliza swali moja tu: "Arubuni iko wapi?"

Nikamjibu, "Bibi, mambo ya arubuni ni ya zamani. Huyu mtu mstaarabu, tumeongea."

Bibi hakusema kitu. Alichukua ungo wake akaendelea kupeta mchele. Ningejua, ningeuogopa ule ukimya.

Jumatatu tarehe 23 Desemba simu ikalia. Yule bwana, sauti laini kama samli: wageni wamebadilisha mawazo, wanataka samaki na kamba. Samahani sana. Tuwasiliane. Simu ikakatika. We acha tu! Nilikaa kwenye baraza pale Kikwajuni kama mtu aliyemwagiwa maji. Nilichowaza si ndege, nilimuwaza mdogo wangu, na siku sita zilizobaki.

Jumanne nikapanda gari na bata mzinga ndani ya tenga mpaka Darajani. Msomaji, usijaribu! Konda kanitoza nauli ya watu wawili, na abiria mmoja kadonolewa kikuku cha mguuni. Pale sokoni kila mtu kaja kupiga picha. Kijana mmoja kapiga picha tatu, kamtumia mchumba wake, kisha kaniuliza, "Hivi anatiwa nazi huyu?" Wa kununua akatokea mmoja tu, akasema 70,000, tena kwa kunionea huruma. Nikamrudisha ndege Kidichi kwa gari lile lile, na konda alipotuona akacheka mpaka akakaa chini.

Usiku ule nikakiri. Nikamwambia Bibi, "Nimekosa. Mteja kakimbia na sokoni wananipa nusu."

Mdogo wangu akanyanyuka akaingia chumbani bila neno. Hilo liliniuma zaidi kuliko ningetukanwa.

Bibi akasema, "Mtu akikataa ndege mzima, muuzie sahani. Ndege mzima anataka tajiri mmoja. Sahani inataka wenye njaa thelathini, na wenye njaa hawaishi mjini."

Hapo ndipo akili ikanirudi. Siku ya tatu yake ilikuwa Ijumaa. Watu wakitoka msikitini Ijumaa wanataka kula kitu cha maana. Pale mtaani kwetu vijana wa maskani wameshachoka na chipsi. Bei elfu sita sahani, sahani 30, jumla 180,000. Nikapiga hesabu kwenye mchanga kwa kijiti, Bibi akatazama, akasema, "Sasa umeanza kusema."

Lakini mimi nikaingia tena na ujuaji wangu. Nilikuwa nimeona kwenye simu picha ya pishi la Ulaya: bata mzinga mzima kaokwa, kang'aa rangi ya asali, pembeni njegere za kijani zimejipanga kama shanga. Nikasema ndiyo hivi tutafanya. Bibi akaniuliza, "Joko liko wapi?" Hatuna. "Na njegere?" Nikasema nitakwenda kununua. Nikaulizia bei, nikanywea. Njegere hupenda baridi, huku kwetu haziotei, zinakuja kwa boti kutoka bara, sehemu za milimani kama Lushoto. Mpaka zifike Unguja, kifuko kidogo kinauzwa kama dawa.

Bibi akanyoosha mkono akanionyesha pakacha juu ya uchaga. "Mbaazi hizo kilo mbili, za shamba hili hili. Njegere na mbaazi ni watoto wa shangazi mmoja. Tena mbaazi zinajua nazi, njegere za watu hazijui."

Kweli bwana. Ni jamii moja ya mimea, kunde, choroko, njegere, mbaazi, wote ukoo mmoja. Na mbaazi za nazi nani asiyezijua hapa? Tangu asubuhi watu wanazila kwa mkate wa mofa au maandazi. Kilichobaki ni kumkutanisha mwenyeji na mgeni.

Alhamisi jioni mjomba akaja akachinja, Bismillahi, na watoto wote wakasimama mbali kwa heshima. Akiwa hai alipimwa kilo 9; baada ya kunyonyolewa na kusafishwa zikabaki kilo sita na nusu hivi. Tukamkata vipande 30 pamoja na mifupa yake, mgongo na shingo tukaweka mbali kwa supu ya kuongezea mchuzi. Nyama tukaitia chumvi, ndimu, thomu na tangawizi iliyotwangwa, na pilipili manga kidogo. Bibi hana friji, kwa hiyo tukapeleka kwa mzee jirani ikalala huko. Usidanganyike na baridi ya usiku ya Kidichi, nyama ya ndege haichezewi nje. Mbaazi nazo zikalowekwa usiku huo huo kwa maji mengi.

Ijumaa saa kumi alfajiri niko jikoni. Na hapa, msomaji, chukua kalamu.

Tatizo la bata mzinga ni kwamba ni ndege wawili ndani ya ngozi moja. Kidari chake hakina mafuta, kinaiva haraka na kikizidi kinakauka kama gazeti la mwaka juzi. Mapaja yake yana mishipa, yanataka moto wa taratibu na muda mrefu. Ukivitia pamoja, ama utakula mapaja ya mpira ama kidari cha mbao. Mimi nilikwishabeba bakuli zima nimimine kwenye sufuria, Bibi akanipiga kofi la mkono na upawa. "Weye! Mapaja kwanza!"

Basi tukaanza hivi. Mbaazi tukazimwaga maji yake ya usiku, tukaziteleka kwa maji mapya kwenye seredani ya pili bila chumvi, maana Bibi hataki kabisa chumvi iingie mapema kwenye mbaazi. Kwenye sufuria kubwa tukakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawia, tukatia thomu na tangawizi, kisha viungo vya shamba lenyewe: kijiti cha mdalasini, hiliki, karafuu chache, uzile uliotwangwa, manjano. Karafuu nasema chache. Watu wa bara wakija Zanzibar wanadhani karafuu ni kunde, wanamimina. Tano zinatosha sufuria ya familia, zikizidi utadhani umekwenda kung'oa jino.

Tungule zikafuata, zikapikwa mpaka mafuta yakajitenga. Hapo mapaja na mabawa yakaingia, na ile supu ya mgongo na shingo, na tui la pili, lile jepesi. Mfuniko, moto mdogo, saa moja na nusu. Katikati ya hapo Bibi alikuwa anakuna nazi kwenye mbuzi na kunisimulia mambo ya hamamu. Akaniambia yule binti wa mfalme wa Uajemi alikuwa anapenda farasi na kuwinda, na hiyo hamamu ndiyo walikuwa wakija kupumzikia. Mwisho wa hadithi waliachana, akarudi kwao. "Lakini angalau yeye alijengewa," Bibi akasema. "Mimi nimeahidiwa laki na nusu tu, sikuiona." Nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Mapaja yalipoanza kulainika tukatia vidari. Dakika kama 35 vikaiva. Mbaazi zilizochemka na kulainika zikaingia, chumvi ikakolezwa, pilipili hoho mbili nzima bila kupasuliwa ili zitoe harufu na si ukali. Tui zito likaja mwisho kabisa. Hapo mwiko hauachwi, na moto hauzidishwi, kwa sababu tui likichemka kwa fujo linakatika na mchuzi unakuwa vipande vipande. Likitoa povu la kwanza pembeni, teremsha.

Nikaonja. Msomaji, sitaki kusema mengi. Nyama ya bata mzinga ina ladha nzito kuliko kuku wa kisasa, na ule unga unga wa mbaazi ulikuwa umeunyonya mchuzi wote. Nilikumbuka zile njegere za kwenye picha nikaziona kama shanga kweli, za kutazama tu.

Biashara nayo haikulala. Tangu Alhamisi nilikuwa nimeweka tangazo kwenye simu: bata mzinga wa Kidichi kwa mbaazi za nazi, sahani elfu sita, anayetaka atume pesa kwanza. Ndiyo, pesa kwanza! Arubuni ya Bibi nilikuwa nimeielewa sasa. Watu 14 wakatuma kabla hata sufuria haijatelekwa. Saa nne nikashuka na sufuria imefungwa kwa kanga mbili, moto wake ndani. Mdogo wangu alitangulia Kikwajuni kupika wali. Alikuwa bado hasemi na mimi, lakini wali wake ulikuwa umechambuka punje kwa punje.

Watu walipotoka msikitini wakakuta harufu imeshawatangulia. Wale 14 wakachukua zao. Sahani 12 nikauza taslimu, nyingine kwa wapita njia ambao hawajawahi kuonja bata mzinga maishani. Mzee mmoja kala, kalamba vidole, kaniuliza, "Huyu kuku wa wapi?" Nikamwambia wa Mexico, akaona namfanyia mzaha. Sahani mbili wakachukua washikaji zangu wa maskani kwa mkopo, na mpaka leo ninapoandika mkopo huo uko pale pale, na wao wanajijua, na gazeti hili wanalisoma. Moja nikampelekea mzee wa friji. Moja ikabaki kwa Bibi na mdogo wangu. Jumla 30.

Sasa hesabu, kwa sababu nyie vijana mnapenda kusikia utamu na kuruka gharama. Sahani 26 mara 6,000 ni 156,000. Matumizi: mchele kilo nne 12,000, nazi nane 8,000, mkaa 5,000, tungule, vitunguu, thomu, tangawizi, ndimu na mafuta 9,000, vyombo vya kufungia 6,000, nauli na kubebea 4,000. Jumla 44,000. Kilichobaki mkononi ni 112,000.

Cherehani ilikuwa inataka 120,000.

Pungufu elfu nane. Nilizihesabu zile noti mara tatu, labda mbili zimegandana. Hazikugandana. Na Bibi kafuga miezi minane, mbaazi zake zimekwenda, viungo vyake vimekwenda, kalala saa nne tu. Nilikuwa na elfu kumi ya makala niliyolipwa wiki ile, ambayo ilikuwa na kazi yake, na kazi yake ilikuwa kiatu. Nikatoa elfu nane. Kiatu kile kile cha zamani ninacho mpaka leo, kimefunguka mdomo kidogo mbele, na kila nikikivaa nasikia cherehani.

Jumamosi asubuhi nikaenda Bububu na mdogo wangu. Mama yule akapokea, akahesabu, akatupa na mafuta ya kulainishia bure. Tukaibeba cherehani mimi kichwa, yeye meza. Njiani, karibu na pale njia ya Kidichi inapoanza kupanda, ndipo aliponisemesha: "Kaka, ile nyama ya kidari ilikuwa laini." Basi. Maneno hayo tu. Nikajua tumesameheana.

Bibi nilimwambia ukweli wote, hata ile elfu nane. Nikamwambia, "Bibi nimekutia hasara. Ungempata mnunuzi mwenyewe ungebakiwa na 30,000 za vitambaa." Akanijibu, "Hukunitia hasara, umenichosha tu. Hasara ni mtu asiyejifunza."

Wewe msomaji wa mjini hutafuga bata mzinga kwenye chumba cha kupanga, najua. Lakini mkijichanga wanne mkapata kilo mbili za nyama yake, fanya hivi: mbaazi nusu kilo, nazi mbili, vitunguu vitatu, tungule tano, kichwa kimoja cha thomu, tangawizi kipande cha kidole, mdalasini kijiti, hiliki nne, karafuu tatu, uzile na manjano kijiko kidogo kimoja kimoja. Mapaja kwanza, kidari baadaye, mbaazi zilizokwishalainika, tui zito mwisho. Kujua kama imeiva, choma kisu sehemu nene ya paja. Maji yakitoka meupe bila wekundu, tayari. Mwenye kipimo cha joto jikoni, nyama ifike nyuzi 74 katikati. Na kama kwako ni njegere ndizo rahisi, wewe wa Lushoto na Arusha, usizichemshe saa nzima kama mbaazi. Zitie dakika kumi za mwisho, zitabaki kijani na utamu wake. Huna bata mzinga? Jogoo wa kienyeji atashika nafasi, kwa masharti yale yale ya moto mdogo.

Na ukiwa muuzaji wa chochote, iwe bata mzinga, iwe shairi, iwe kazi ya mikono yako, sikiliza neno la mtu aliyepanda gari na ndege ndani ya tenga: mkono wa mteja hauna thamani mpaka uwe umeshika pesa. Ustaarabu wa sauti haununui cherehani.

Juzi nilikwenda Kidichi. Mdogo wangu anashona, chumba kizima kimejaa vipande vya vitambaa, na pale nje yule kuku wa Bibi kakaa juu ya mayai sita ya bata mzinga, kaninunia. Nikamuuliza Bibi, safari hii wateja tutawatoa wapi? Akanionyesha kijidaftari kipya. Kuna majina mawili tayari, na mbele ya kila jina pameandikwa kwa mwandiko wa mdogo wangu: nusu imelipwa.

Kwa leo naishia hapo. Washikaji wa Kikwajuni, elfu kumi na mbili zangu nazisubiri. Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa.